Eda ya Serikali

Kwetu Tanga mwanamke wa Kiislamu akiachwa hukaa eda. Ni tohara tatu, au kwa hesabu ya akina bibi, miezi mitatu. Mjane hukaa zaidi, miezi minne na siku kumi. Eda ikiisha imekwisha. Mwanamke huoga, hujifukiza udi, huvaa kanga mpya akatoka barazani, na mtu atakayemchokonoa tena habari za mume wa zamani ataonekana hana adabu. Wazee wetu walikuwa na makosa yao, tena mengi, lakini hili walilijua: ndoa ikifa huzikwa.

Sheria za uhamiaji za Marekani hazina kikomo cha namna hiyo. Eda yake ni ya miaka na miaka.

Ndugu msomaji, naandika kwa hasira na sioni sababu ya kuificha. Nasema mambo mawili. La kwanza, kumhoji mtu anayeomba uraia juu ya ndoa iliyovunjika zamani, kana kwamba kule kuvunjika ndiyo hatia, ni dhuluma. La pili, na hili litawauma baadhi yenu, sisi watunzi vijana tumeisaidia dhuluma hiyo kwa kalamu zetu.

Na msije mkasema ni sizitaki mbichi hizi. Uraia nimepewa. Pasipoti ninayo, imo kabatini. Nasema nikiwa nimeshiba.

Tuanze na sheria, maana wengi tunapiga domo bila kuijua. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria dhidi ya ndoa za udanganyifu. Tangu hapo, mgeni aliyeoana na raia, kama ndoa haijatimiza miaka miwili siku anapopewa ukaazi, hupewa kadi ya masharti ya miaka miwili tu. Kabla haijaisha, mume na mke waandike pamoja kuomba masharti yaondolewe. Wabunge walitishwa na nini? Waliambiwa na wakuu wa uhamiaji wa wakati ule kwamba asilimia 30 ya ndoa za aina hiyo zilishukiwa kuwa za uongo. Baadaye ikabainika kwamba uchunguzi uliozaa namba hiyo haukuwa na msingi wa kitakwimu. Namba ikafa, sheria ikabaki!

Sasa fikiri mwenyewe. Mwanamke anapigwa, na makaratasi yake yanataka sahihi ya huyo huyo anayempiga. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1990 ndipo sheria ikarekebishwa, aliyepigwa akaruhusiwa kuomba peke yake. Aliyeachika naye anaweza kuomba peke yake, alimradi athibitishe kwamba aliingia katika ndoa kwa nia njema.

Nia njema. Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wangu. Nia njema ya lini? Mahakama moja ya rufaa ya majimbo ya magharibi ya Marekani ilikwisha jibu mwaka 1975, katika kesi iitwayo Bark. Mume na mke walioana, wakakosana, wakatengana, na watu wa uhamiaji wakasema kutengana huko ni ushahidi kwamba ndoa ilikuwa ya geresha. Mahakama ikakataa. Swali, ikasema, ni kama siku ile walipooana walikusudia kuanza maisha pamoja. Kutengana baadaye, peke yake, hakuthibitishi uongo wowote. Tena ikaongeza neno zito: mgeni hawezi kudaiwa awe na ndoa ya kawaida zaidi, wala iliyofanikiwa zaidi, kuliko ndoa za raia wenyewe.

Lisomeni tena hilo neno la mwisho. Limekuwepo vitabuni tangu kabla sijazaliwa. Lakini vitabu vina lao, na chumba cha usaili kina lake.

Mimi niliolewa mwaka 2013 huko Ohio, kwa nikaha na kwa cheti cha serikali, yote mawili. Tukahojiwa pamoja kabla sijapewa kadi. Mwaka 2016 tukaachana. Nikaomba peke yangu masharti yaondolewe, nikapeleka mkataba wa pango, taarifa za akaunti ya pamoja, bili za umeme, picha, barua za majirani. Wakaridhika. Maana yake ndoa yangu ilikwisha pimwa mara mbili, na mara ya pili ilipimwa ikiwa maiti.

Mwaka 2023 nikaitwa kwenye usaili wa uraia. Ofisi siitaji. Nikala kiapo. Maswali ya historia na serikali yalikuwa hadi kumi, wakati ule ulitakiwa upate sita. Nilipata sita za mwanzo, afisa akaacha kuuliza. Nikasoma sentensi, nikaandika sentensi. Mambo ya dakika chache tu. Kisha akafungua faili nene, na kuanzia hapo hatukuwa tena ofisini, tulikuwa chumbani kwangu. Nani aliondoka nyumbani kwanza? Mligombana juu ya nini? Mlikuwa bado mnalala kitanda kimoja? Mbona hamkupata mtoto?

Angalieni mtego ulivyotegwa. Nimeapa. Nikisema uongo, nimejiharibia kila kitu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikikataa kujibu, ataandika kwamba nimekataa. Nikisema kweli, naanika aibu ya mwanamume ambaye hayupo kujitetea, na msiba wangu ambao sikuutoa hata kwa jamaa. Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema. Basi siku ile kata ilisemeshwa kwa nguvu. Nikamwambia mimba mbili ziliharibika. Akaandika. Mama yangu mzazi alifariki bila kuijua ile ya pili, lakini imo katika faili la serikali, kwa wino.

Najua watakaonijibu. Watasema, dada, ndoa za uongo zipo. Zipo! Nani kakataa? Wapo waliolipana fedha wakapiga picha za harusi wasiyoijua. Kwa hao sheria ina meno: kifungo hadi miaka mitano, faini hadi dola 250,000, na mlango wa kuombewa tena ukaazi na jamaa hufungwa. Siwatetei. Watasema pia kwamba uraia umejengwa juu ya ukaazi, na ukaazi wangu ulijengwa juu ya ndoa, kwa hiyo msingi lazima ukaguliwe. Haya, ukagueni. Lakini msingi ni siku ya harusi, siyo siku ya talaka. Anayeomba uraia baada ya miaka mitatu kwa sababu bado anaishi na mume au mke aliye raia, huyo ndoa yake ndiyo tiketi yake, aulizwe. Mimi nilingoja miaka mitano na zaidi, kwa miguu yangu mwenyewe, nikilipa kodi. Sikuja na mume wa mtu mkononi. Kwa nini nithibitishe kwamba nilijua kupendwa?

Na raia je? Mmarekani anaoa leo, anaacha keshokutwa, anaoa tena, na hakuna anayemwuliza kama alipenda vya kutosha kustahili kupiga kura.

Hapa tukumbuke kwamba jambo hili lina ukoo mrefu. Mwaka 1907 Marekani ilitunga sheria kwamba mwanamke wao akiolewa na mgeni anapoteza uraia. Ethel Mackenzie, mzaliwa wa California, aliolewa na Mskoti, na alipokwenda kujiandikisha kupiga kura akakataliwa. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya nchi ikasema ndivyo ilivyo. Ilichukua hadi mwaka 1922 kuanza kuifumua sheria hiyo. Tangu zamani, basi, uraia wa mwanamke ulikuwa kitu cha kufungwa pembeni mwa nguo ya mume.

Wala tusijifanye watakatifu huku kwetu. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 ilimfungulia njia mke mgeni wa Mtanzania. Mume mgeni wa mwanamke wa Kitanzania hakufunguliwa njia hiyo. Kenya ilingoja katiba ya mwaka 2010 ndipo mume na mke wakawekwa mizani moja, miaka saba ya ndoa kwa wote. Mwanamke huonekana kama mzigo unaofuata mwenyewe, popote pale.

Sasa nawageukia ninyi, watunzi wenzangu. Hadithi ya msichana wa ughaibuni tumeiandika mara ngapi? Anapanda ndege, anaolewa na mwanamume asiyempenda, anapata makaratasi, anamwacha, na katika ukurasa wa mwisho anaadhibiwa: anaugua, au anarudi Dar es Salaam na begi tupu, au mchumba wake wa kijijini amekwisha oa. Makofi! Tumefundisha maadili! Mwanamume wa ughaibuni akifanya hayo hayo tunamwita mjanja, tunamwandikia vichekesho.

Hebu niambieni, tofauti ya hadithi hiyo na lile faili ni nini? Zote mbili zinaanza na talaka, zinarudi nyuma kutafuta hila. Zote mbili haziwezi kuamini kwamba watu wawili walipendana kweli, wakajaribu kweli, wakashindwa kweli. Afisa angalau ana mshahara na ana mkuu wake wa kazi. Sisi nani katutuma?

Sisemi tuandike malaika. Andikeni walaghai pia, wapo. Ninachodai ni haki ile ile ambayo mahakama ilimpa mgeni mwaka 1975: mhusika wenu asidaiwe ndoa iliyofanikiwa kuliko ya kwenu, au ya wazazi wenu, au ya jirani yenu mnayemjua vizuri mnavyomjua. Andikeni siku ya harusi kabla ya siku ya talaka. Andikeni wali ulioungua, fedha zilizotumwa nyumbani kwa siri, baridi ya Januari, simu isiyopokelewa, mapenzi yaliyochoka bila mwenye makosa. Hapo ndipo fasihi ilipo.

Na kama hamwezi, basi ombeni kazi ya uafisa. Ina kiyoyozi, na maswali yake mnayajua tayari.