KIROBA HAKIKUFA, KILIBADILI NGUO TU

Makamanda, leo tuambiane ukweli, na mtu asinune.

Machi 1, 2017 serikali ilipiga marufuku viroba. Tukaambiwa vijana tumeokolewa. Hebu nenda duka lolote la mtaani leo: pombe kali ipo palepale, safari hii kwenye vichupa. Serikali inachukua ushuru wake kwa kila chupa, kisha wakubwa wanapanda jukwaani kutuita kizazi cha walevi na wavivu. Jamani! Ajira hamna, kichupa kinauzwa kila kona, halafu mwenye kosa ni kijana peke yake?

Lakini kuilaumu serikali hakuponyi ini. Piga hesabu mwenyewe. Kichupa cha mililita 200 chenye kilevi asilimia 35 kina mililita 70 za kilevi chenyewe. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Yaani kile kichupa unachokimaliza umesimama dukani ni karibu bia tatu, tena wengine tumboni hamna hata chapati.

Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Pombe inasababisha saratani ya mdomo, koo, ini, utumbo mpana na titi. Bia nayo imo, siyo gongo tu.

Najua hoja ya kijiweni: "Babu yangu alikunywa mpaka akafika miaka 90." Sawa. Na wale tuliowazika kabla ya 40, umewahesabu?

Sasa tuje kwenye siasa. Mgombea anayekumwagia kreti usiku wa kuamkia uchaguzi hakupendi. Anajua vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi na wewe utakuwa unakoroma. Anajua pia wakala mwenye mning'inio atasaini fomu ya matokeo bila kuisoma. Halafu tukiibiwa kura tunalia. Kura italindwaje na mtu asiyeweza kusimama?

Hatusemi wote muwe walokole. Tunasema punguzeni. Pombe kali wekeni pembeni. Kula kwanza, kunywa maji katikati, na kataa raundi usiyoitaka hata wakikucheka. Tenga siku za wiki usizogusa kabisa. Kahawa na kuoga maji baridi haviondoi pombe mwilini. Ini lina mwendo wake. Umekunywa, bodaboda iache ilale. Na kamanda ambaye kila asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate ya kutoa loki, usiache ghafla, unaweza kupata degedege. Nenda hospitali usaidiwe, hiyo siyo aibu.

Wanatutaka tumelewa maana mlevi hadai chochote. Tuwanyime hiyo raha. Kikao kijacho cha tawi, kila mtu aje na akili timamu.

Mapambano yanaendelea!