Papo kwa Papo Kamba Hukata Jiwe

Juma hili nataka kusema na vijana wetu wapendao kutunga michezo, na wazazi wao pia. Mara nyingi kijana huandika mchezo mmoja katika daftari, huwasomea wenzake, nao humcheka. Basi daftari hutiwa motoni, na kijana hataji tena habari za kutunga. Je, kweli hakuwa na kipaji? Hatuwezi kujua, kwa maana aliacha kazi siku ya kwanza.

Sikilizeni habari za Mmarekani mmoja, Michael Arndt. Kazi yake ilikuwa kusoma michezo ya sinema iliyoandikwa na wengine, na kumsaidia mwigizaji mmoja mashuhuri. Baadaye aliacha kazi hiyo ili aandike yeye mwenyewe. Mwaka 2000 akaandika mchezo mzima kwa siku 3 tu. Pengine mtasema, "Huyo kazaliwa na bahati!" Ngojeni kwanza. Baada ya siku hizo 3 alikaa karibu mwaka mzima akiusahihisha, akaurudia mara 100 hivi. Hiyo ndiyo kamba iliyokata jiwe. Sinema yenyewe, Little Miss Sunshine, ilionyeshwa mwaka 2006, na mwaka 2007 mwandishi akapewa tuzo ya Oscar.

Mchezo huo wahusu jamaa moja inayosafiri kwa gari bovu, ili binti yao mdogo akashindane katika mashindano ya urembo ya watoto. Njiani klachi yafa. Tangu hapo, kila wakitaka kuondoka hawana budi kusukuma, kisha kukimbia na kurukia ndani mmoja mmoja. Watu hawa hugombana tangu asubuhi, lakini gari haliendi wasiposukuma pamoja. Mwandishi hakuwa na haja ya kumfanya mtu aseme, "Yafaa tusaidiane." Twaona kwa macho yetu.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi hii. Mchezo wa sinema ni maandishi ya yale yanayoonekana na yanayosikika, basi. Juu ya kila tukio huandikwa kama ni ndani au nje, ni mahali gani, ni mchana au usiku. Ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya sinema. Sasa, ukiandika "Mama ana wasiwasi," kamera itapiga picha gani? Wasiwasi hauna sura. Andika hivi: "Mama atoka mlangoni mara ya tatu, atazama njia. Mezani sahani moja imefunikwa kawa. Taa yafifia." Hapo kila mtu ajua kuna mtoto ambaye hajarudi.

Basi, kijana, nunua daftari. Kila juma andika tukio moja, lisizidi ukurasa mmoja. Jioni wape ndugu zako walisome kwa sauti, kila mtu sehemu yake. Wewe nyamaza, usiwaeleze kitu. Pale wanapokwama, au wanapouliza, "Huyu ni nani?" tia alama kwa kalamu. Kesho yake andika upya. Futa maneno yote ambayo kitendo kimekwisha kuyasema. Wala usitupe daftari la zamani. Baada ya miezi 6 lifungue, nawe utaona umetoka wapi.

Nanyi wazazi, siwaambii kwamba mtoto wenu atapata tuzo. Wengi huandika miaka mingi wasilipwe hata senti moja. Lakini mtoto aliyezoea kurudia kazi yake bila kukata tamaa hatashindwa na barua, wala na kazi nyingine yoyote itakayo uvumilivu. Mpeni taa na nafasi mezani. Na akiwasomea alichoandika, msicheke ila mahali pa kuchekesha.