Sataranji ya Dakika Tano Isikatazwe

Katika mkutano wa chama chetu cha michezo ya ndani, muhula uliopita, palitolewa shauri kwamba sataranji ya haraka ipigwe marufuku hapa shuleni, ubaki ule mchezo wa taratibu peke yake. Shauri hilo halijapitishwa bado. Kwa kuwa wengi wa wasomaji wa gazeti letu, na hasa wazazi wetu, hawajapata kuuona mchezo huu wa haraka, naomba nafasi niueleze jinsi ulivyo, kisha niseme kwa nini naona haifai kuukataza.

Sataranji yenyewe haina haja ya maelezo marefu. Ni mchezo wa watu wawili, ubao una vyumba 64, kila mmoja ana kete 16, na shabaha ni kumfunga mfalme wa mwenzako hata akose pa kukimbilia. Ulitoka Bara Hindi, ukapita Uajemi, ukafika kwa Waarabu, na jina tulitumialo tumelipata kwao. Zamani mtu alikuwa huru kufikiri kwa muda apendao. Basi hapana shaka wako waliokaa kimya muda mrefu juu ya hatua moja, wala si kwa kufikiri, bali kwa kumchosha mwenziwe! Ndiyo maana katika mashindano ya London ya mwaka 1883 zilitumika saa mbili zilizounganishwa pamoja: ukimaliza hatua yako, saa yako yasimama na ya mwenzako yaanza kwenda. Saa za siku hizi hufanya kazi vivyo hivyo, ila huendeshwa kwa kubonyeza.

Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, huuhesabu kuwa wa haraka mchezo ambao kila mchezaji ana dakika 10 au pungufu kwa mchezo mzima. Mabingwa wa dunia hushindana kwa dakika 3, na kila hatua huongezewa sekunde 2. Sisi hapa twatumia dakika 5 kwa kila mtu bila nyongeza, kwa hiyo mchezo hauwezi kupita dakika 10.

Anayeanza na ashike haya. Mkono uliosogeza kete ndio huo huo ubonyezao saa. Kusogeza kwa kulia na kubonyeza kwa kushoto hakuruhusiwi. Dakika zako zikiisha umeshindwa, hata ukiwa na malkia wawili na mwenzako ana askari mmoja tu. Lakini akiwa amebaki na mfalme mtupu itakuwa sare, maana mfalme peke yake hawezi kumfunga mtu. Ukifanya hatua isiyo halali ukabonyeza saa, mwenzako huongezewa dakika 1, ukirudia, umeshindwa. Tena fanya hesabu kabla hujakaa: hatua 40 katika sekunde 300 ni sekunde saba na nusu kwa hatua. Kwa hiyo jifunze njia moja ya kuanzia mchezo uijue sawasawa, usizipotezee muda hatua za kwanza, umfiche mfalme mapema, na hatua isiyo na mbadala uifanye mara moja. Akiba ya dakika utaihitaji katikati, kete zinapoanza kuliwa.

Mwalimu mlezi wa chama chetu, ambaye namheshimu sana, alituambia kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba mchezo huu utatuzoeza kutenda bila kufikiri. Naomba radhi kutofautiana naye. Kwa maoni yangu mchezo wa haraka hauji kumfundisha mtu kufikiri. Waja kumpima amekwisha jua nini. Bobby Fischer wa Marekani alishinda mashindano ya haraka ya Herceg Novi, Yugoslavia, mwaka 1970, akipata pointi 19 katika michezo 22, na mwaka 1972 huyo huyo akawa bingwa wa dunia katika mchezo wa taratibu. Haraka haikumharibu. Hata hivyo nakubaliana na Mwalimu katika jambo moja: mchezo wa dakika moja, ambao baadhi yetu huufanya nyumbani katika simu za kaka zao, haufai. Hapo ni vidole vinavyoshindana. Na wanaojifunza upya wacheze taratibu muhula mmoja kwanza.

Lakini liko jambo ambalo halikusemwa mkutanoni. Mchezo wa taratibu huchukua saa moja na nusu, pengine mbili. Shule yetu ni ya kutwa, masomo huisha saa tisa na nusu, na wengi wetu twapanda au kushuka milima ya Kilema kwa miguu. Wasichana wangojewa nyumbani: kuna majani ya ng'ombe ya kukata, maji, na chakula cha jioni. Muhula uliopita, siku za mchezo wa taratibu, waliobaki walikuwa wavulana wote isipokuwa wawili. Tulipoanza kucheza dakika tano wakati wa mapumziko ya mchana, wasichana walijaa mezani. Mmoja wa Kidato cha Pili alinifunga mara tatu katika mapumziko ya siku moja, naye hajapata kumaliza mchezo wa taratibu hata mmoja, maana saa kumi ikifika lazima awe njiani. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alitoka katika umaskini akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji. Lakini yeye alipata nafasi ya kukaa mezani.

Yasemwa pia kwamba tuna saa moja tu, na simu haziruhusiwi shuleni. Hilo si kizuizi. Marekani, miaka ya 1940, Reuben Fine alikuwa bingwa wa mchezo wa sekunde 10 kwa kila hatua. Mtu mmoja ashike saa ya mkononi na kengele, apige kila baada ya sekunde 10, na meza zote ziende pamoja: kengele hii mweupe, ifuatayo mweusi. Hatua 40 za kila upande huisha kwa muda wa kama dakika 13. Kengele tunayo.

Shauri lile litapigiwa kura muhula ujao. Naomba wasichana wa Kidato cha Kwanza na cha Pili waitwe katika mkutano huo, na mkutano wenyewe ufanywe wakati wa mapumziko ya mchana, si saa kumi.