Ushairi Wetu Una Bahari. Maziwa Yako Wapi?

Katika arudhi yetu aina ya shairi huitwa bahari. Neno hilo tulilipokea kutoka arudhi ya Kiarabu, na watu wa pwani wakaliona la kwao, kwani bahari walikuwa nayo mlangoni. Kutokana na bahari hiyo tumerithi jahazi la mapenzi, nanga ya subira, nahodha wa taifa, kusi na kaskazi. Huo ni urithi mkubwa, na sina nia ya kuutupa.

Hoja yangu ni hii: sisi tuliozaliwa bara tumeazima maji ya wenzetu na kuyasahau yetu. Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili mjini Moshi nilisahihisha mashairi mengi ya vijana waliopandisha tanga na kupigwa na mawimbi, ilhali hawajapata kuiona bahari. Mfongo uliopita nyuma ya jiko la bibi zao haukuwamo. Vina vilikaa sawa, mizani ilitimia, lakini jicho la mtunzi halikuwapo.

Mwezi uliopita nilitoka Pasua alfajiri, nikapanda daladala hadi Himo, nikaendelea kuelekea Holili, kisha bodaboda ikanipeleka kaskazini kwa njia ya vumbi hadi Ziwa Chala. Nilikuwa na chupa ya chai, ndizi za kuchoma na daftari. Ziwa hulioni mpaka ufike ukingoni kabisa. Unatembea katika vichaka vikavu, ghafla ardhi inakatika, na chini ya genge, mita nyingi kutoka miguuni pako, kuna maji ya buluu iliyokolea. Kamusi zetu zina neno kwa bakuli la namna hiyo lililoachwa na volkano: kasoko. Wengi husema kreta, wakati kasoko lipo, linangoja kutumiwa.

Nilishinda pale mpaka jua lilipopinda. Sikusikia injini wala redio. Nyani walipita, upepo ukakwaruza uso wa maji, ukatulia. Sikuteremka kuoga, maana habari za mamba wa Chala zinafahamika. Nilikaa tu, nikajaribu kuandika nilichokiona. Nikagundua kwamba msamiati wa jahazi haunifai hata kidogo, kwa sababu ziwa hili lina tabia zake.

Eneo lake ni kama kilomita 4 za mraba tu, lakini kina chake kinazidi mita 90. Halilishwi na mto wowote mkubwa unaouona. Mvua inayonyesha kwenye misitu ya Kilimanjaro huzama ardhini, husafiri gizani na kuibukia humo, kisha hutoka kwa njia hiyo hiyo ya chini kwa chini. Mpaka wa Tanzania na Kenya umepita juu yake, na maji hayana habari. Kuna perege ambaye asili yake ni humo tu. Mwaka 2016 watafiti walitoboa tope la sakafu yake, na matabaka waliyoyatoa yana kumbukumbu ya mvua na ukame ya miaka ipatayo 250,000. Malenga anayetafuta sitiari ya siri, ya ukarimu usiojitangaza, au ya kumbukumbu isiyofutika, anataka nini zaidi?

Wageni hawakusubiri. Mmisionari Charles New aliliona mwaka 1871, na Mmarekani May French Sheldon alilizunguka kwa chombo cha kuelea mwaka 1891, akaandika kitabu. Lakini katika diwani zilizo rafuni kwangu, Chala halimo.

Tutazame na Uskoti. Wenyeji wa huko huliita ziwa loch, neno la Kigaeli, na hawaliachi hata wanapoandika Kiingereza. Mwaka 1810 Walter Scott alichapisha shairi refu la kisimulizi, The Lady of the Lake, lenye mandhari ya Loch Katrine, na wasomaji wakamiminika kwenda kuliona ziwa lenyewe. Shairi moja liliwafanya watu wafunge safari.

Atakuwapo atakayenijibu kwamba lugha ni ya pwani, na taswira zake ni za pwani. Namkumbusha kwamba Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi katika kitabu cha mwaka 1954, alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Euphrase Kezilahabi, aliyezitikisa sheria hizo kwa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, alikuwa mtoto wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria. Wafuasi wa vina na wapinzani wao, wote wana deni kwa watu wa maziwa. Na lugha yenyewe imetutangulia: ziwa ni maji yaliyotulia, na ziwa ni titi la mama. Bahari haina utajiri huo wa maana.

Kwa hiyo nawasihi walimu wawatoe wanafunzi darasani siku moja, wawapeleke kwenye maji yaliyo jirani, liwe ziwa, chemchemi au mfongo, wakae kimya saa nzima kabla ya kushika kalamu. Vina vitafuata. Mimi nilirudi Pasua na ubeti mmoja tu:

Nimeketi ukingoni, Chala ninalitazama,
Maji mengi kasokoni, yametulia daima,
Hayana mto machoni, ila chini yanahema,
Nani wetu wa barani, ziwa hili atasema?

Ubeti huo ni swali, na kwa desturi yetu swali la malenga hujibiwa kwa vina vyake. Vina ni *ni* na *ma*. Uwanja ni wenu.