Mchepuko wa staa, bili inakuja mahakamani

Staa akichepuka, vijiweni vya Mbeya na Iringa tunacheka: "Mwacheni ale ujana." Tujikumbushe Samuel Wanjiru, Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008. Mei 2011 alikufa kwa kuanguka kutoka ghorofani kwake Nyahururu, akiwa na miaka 24 tu. Polisi walisema usiku huo mkewe alimkuta na mwanamke mwingine. Kisha mjane, mama mzazi na mwanamke mwingine aliyesema naye ni mke wakavutana. Mama akaenda mahakamani, maziko yakasogea hadi Juni.

Huku kwetu je? Dogo anatoka Sokoine au Samora, anasajiliwa Dar, anamwacha mke nyumbani na kule anaanza maisha na mwingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mke kumdai fidia huyo aliyezini na mumewe. Ndoa ikivunjwa, mahakama inagawa mali waliyochuma pamoja. Na asijidanganye kuwa fedha za usajili ni jasho lake peke yake: tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983, Mahakama ya Rufani inahesabu hata kazi za nyumbani kuwa mchango wa mke.

Soka lina miaka kumi hivi, watoto wanakula maisha yote. Klabu zinaajiri makocha wa viungo. Zimwite na wakili siku moja kabla ya msimu, azungumze na hawa vijana. Bili ya Wanjiru ililipwa na familia.