Kesi ya Madeleine: Kumng'oa mkuu wa upelelezi kulisaidia nini?

Miaka inapita lakini mjadala wa Madeleine McCann haupoi. Kila polisi wanaporudi kuchimba Ureno, kama walivyofanya Juni 2025, swali ni lile lile: nani aliharibu upelelezi?

Tukumbushane. Usiku wa Mei 3, 2007, Madeleine, mtoto wa Kiingereza aliyebakiza siku chache kutimiza miaka minne, alitoweka kwenye nyumba ya likizo Praia da Luz, kusini mwa Ureno. Wazazi walikuwa wakila na marafiki kwenye mgahawa wa jirani, wakienda kuwachungulia watoto kwa zamu.

Makosa yalianza usiku huo huo. Nyumba haikufungwa. Watu kibao waliingia na kutoka kabla wataalamu hawajachukua vielelezo. Alama zikishakanyagwa, basi tena.

Kisha akaja Gonçalo Amaral, aliyeongoza upelelezi kutoka Portimão. Yeye aliamini mtoto alifia mle ndani na wazazi wakaficha. Septemba 2007 wazazi wakafanywa washukiwa rasmi, ingawa maabara ya Uingereza ilikuwa imeshaonya kuwa vipimo vya DNA havikutoa jibu la uhakika.

Oktoba 2, 2007 Amaral akaondolewa, baada ya kulilalamikia gazeti moja kwamba polisi wa Uingereza wanafuata wanachotaka wazazi. Julai 2008 faili likafungwa bila ushahidi dhidi ya wazazi. Siku chache baadaye akatoa kitabu chenye nadharia yake ile ile.

Hapo ndipo watu wanagawanyika.

Wanaomtetea wanasema alitolewa kafara ili kuwaridhisha Waingereza. Wanataja kwamba Mahakama ya Juu ya Ureno ilimpa ushindi 2017 dhidi ya wazazi, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu nayo ikawagomea wazazi 2022. Sawa, lakini kesi hizo zilihusu uhuru wake wa kusema na heshima ya wazazi. Hakuna mahakama iliyosema nadharia yake ni kweli.

Wanaompinga wanamtupia kila kitu. Wanakumbusha kuwa 2009 alipatikana na hatia ya kutoa taarifa za uongo, kwenye kesi iliyotokana na upelelezi wa mtoto mwingine aliyepotea 2004 mkoa huo huo. Hoja nzito. Ila si yeye aliyeacha mlango wazi usiku ule.

Kwa mtazamo wetu, pande zote mbili zinamtazama mtu mmoja na kusahau kazi yenyewe. Kiongozi wa upelelezi wa mtoto aliyepotea halipwi kwa kubahatisha mhusika mapema. Kazi yake ni kulinda eneo la tukio, kusambaza taarifa haraka na kuhakikisha kila njia inafuatwa. Wazazi kuchunguzwa ni kawaida, hata kwingine. Tatizo ni kuwachunguza wao hadi wengine wanasahaulika.

Juni 2020 waendesha mashtaka wa Ujerumani walimtangaza kuwa mshukiwa Mjerumani mmoja aliyeishi eneo hilo miaka ile. Anakana, na hajashtakiwa kwa kesi hii. Huenda si yeye. Lakini mtu wa aina hiyo alipaswa kuhojiwa kwa kina 2007, si miaka 13 baadaye.

Mwaka 2023 BBC iliripoti kuwa maofisa wakuu wa polisi wa Ureno walisafiri hadi London kumwomba radhi baba wa Madeleine kwa namna upelelezi ulivyoendeshwa. Ni jambo la heshima. Ila radhi hairudishi saa za kwanza.

Kwa hiyo mtoto anapopotea, kabla ya kuuliza bosi gani afukuzwe, tuulize: nani alifunga mlango, saa ngapi, na ni majina mangapi bado hayajahojiwa?