Tunachangia Keki, Ekari Je?

Wasee wa Kakamega, wiki hii nimeingizwa kwa magrupu matatu ya harusi. Kila mtu anatuma M-Pesa, hata bibi harusi hamjui. Sawa. Sasa mbona hatuwezi kuchangia ekari moja ya shamba?

Kisere ni kipande cha msitu wetu kilichobaki kule kaskazini. Ndani kuna kima wa De Brazza, wale wenye ndevu nyeupe kama babu. Serikali ilifanya Kisere kuwa hifadhi miaka ya 1980, lakini katikati yake na msitu mkubwa kuna mashamba ya watu. Kima atapitaje kwa miwa na mbwa? Na mwenye shamba akikwama na karo, anakata ploti, 50 kwa 100, anauza.

Kule Kinangop, Nature Kenya walinunua malisho kwa pesa za wafadhili, sababu ni ndege mmoja mdogo wa nyasi anayepatikana Kenya tu. Ndege mmoja! Sisi tuna msitu mzima wa mvua na kazi yetu ni selfi.

"Mtafukuza maskini." Zii. Mama wa kuokota kuni asiguswe. Nasema anayeuza tayari atuuzie sisi, bei ya soko, mke wake akiwa amekubali. Na msingoje mzungu: Katiba ya 2010 inampa mgeni kukodi tu, mwisho miaka 99. Hati ya kudumu ni ya raia.

Nikifungua grupu la nne, la ekari, nani ata-left wa kwanza?